Kamba ya Oleta

Jumamosi asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye bonde, Oleta Fugate alipanga meza yake katika uwanja wa kanisa, kati ya muuza mayai na Denzil Stamper wa maharage. Juu ya meza aliweka mashine ya kusoma kadi za msaada wa chakula na bakuli la vibao vidogo vya mti. Mwenye kadi anapitisha kadi, anapewa vibao, na wakulima wanavipokea kama pesa. Oleta aliwabembeleza maofisa miaka miwili ndipo akaipata mashine hiyo, na hakuwa na nia ya kuiacha ikae pale kama pambo.

Tabu ilikuwa milima. Huko Kentucky imelibana bonde pande zote, na mtandao haushuki mpaka chini. Mteja wa kwanza alipobonyeza namba zake za siri, mashine ilitafuta, ikatafuta, ikachoka. Oleta akaikumbatia kifuani akapaa. Juu kidogo ya paa la kanisa mashine ikalia, karatasi ikatoka, naye akashuka akampa mama wa watu vibao vyake.

"Shika sketi vizuri, bibie," Denzil alimwambia. "Hapa ni kanisani."

Wiki iliyofuata Denzil alileta kamba ya kufungia marobota ya nyasi, akamfunga Oleta kiunoni, maana upepo wa mlimani hauna adabu. Tangu hapo kazi ya kushika kamba ikawa yake, na aliifanya kwa kunung'unika.

"Unajipandisha huko kwa ajili ya wavivu tu. Mtu mzima, mikono anayo, anakula kwa kadi!"

"We shika kamba, Denzil."

Kutoka juu Oleta aliona mambo ambayo pale mezani hayakuonekana. Nyuma ya duka la vyakula vya mifugo yalisimama magari, na ndani yake watu wamekaa na kadi mapajani, wakingoja soko lipungue ili wasionekane. Moja lilikuwa pikapu ya Denzil mwenyewe, na ndani yake Lurlene, mkewe. Mafuriko ya mwaka jana yalizoa shamba lao, likabaki la kumpa Denzil kikapu kimoja tu cha maharage. Oleta alishuka akaendelea na kazi. Jambo hilo lilimuuma.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, meza zikikunjwa, Lurlene alikuja. Mficha uchi hazai, na nyumbani hapakuwa na yai hata moja. Aliweka kadi mezani, akabonyeza namba zake bila kumtazama mumewe. Denzil naye alikuwa anakaza fundo ambalo halikulegea.

Oleta akapaa. Juu ya kanisa mashine ikakataa.

"Legeza!"

Denzil akalegeza. Oleta akavipita vilele vya milima, akaona kaunti ya jirani na barabara kuu inayokwenda mjini. Kamba ikaisha. Denzil akaunganisha kamba ya kuanikia nguo ya mchungaji, kisha akavua mkanda wake akaunga na huo. Huko juu kulikuwa na baridi, na mtandao ulijaa kuliko siku zote. Jibu likaja papo hapo: salio halitoshi. Oleta akajaribu tena. Jibu likawa lilelile.

Denzil alimvuta chini kwa mkono mmoja, mwingine umeshika suruali.

"Mtandao umeupata?" Lurlene akauliza.

"Nimeupata, dada. Kilichokosekana ni salio. Mpaka waijaze kadi mwezi mpya." Oleta akasogeza trei la mayai. "Chukua haya, mimi nitamalizana na mwenyewe."

"Sikuja kuomba, Oleta. Nimekuja kununua."

Akachukua kadi yake, akarudi kwenye pikapu, safari hii akipita katikati ya soko.

Denzil alivaa mkanda, akaikunja kamba taratibu.

"Ilikuwa fupi," alisema.

"Kamba haina kosa, Denzil."

"Nakwambia ilikuwa fupi."

Akavuka barabara mpaka duka la vyakula vya mifugo, ambalo lilikuwa limeshafungwa, akagonga mlango mpaka wakamfungulia, akataka kamba ndefu kuliko zote walizokuwa nazo.