Dawa ya Maziwa

Sumirah anapotua kikapu chake cha chupa za jamu, dawa za kunywa za mitishamba, katika kichochoro chetu cha Surabaya, benchi la Bi Kasiyati hujaa kabla hajafungua shali mgongoni. Wa kupunguza tumbo yupo, wa kung'arisha uso yupo, na wa kumrudisha mume nyumbani mapema hakosi. Kila mmoja anajua mwenzake anakunywa jamu gani, maana ukijua anachokunywa umeshajua kinachomkosesha usingizi.

Ndiyo sababu benchi lilimgeukia Ratmi alipoomba uyup-uyup, dawa ya kujaza maziwa ya mzazi. Miaka minane ya ndoa, hajapata hata mimba ya kusingiziwa.

"Shoga, unamnyonyesha nani? Paka wa msikitini?" akauliza Bi Kasiyati, na benchi zima likaangua kicheko.

Ratmi alimeza uchungu ule, akajifuta mdomo, akawaeleza. Mdogo wake Lestari alikuwa na mimba ya nne, na ameahidi kumpa huyo mtoto awe chambo. Kwetu, nyumba isiyo na mtoto hulea wa ndugu, ili na wa kwake ashawishike kuja. Asilowaambia ni kwamba yeye hakutaka chambo. Alimtaka huyo huyo, na alitaka anyonye kwake. Aliwahi kusikia kwamba maziwa huja hata kwa asiyezaa, akinywa kwa imani. Sumirah hakuahidi wala hakukanusha. Alimimina tu, kisha akampa kikombe kidogo cha jamu tamu cha kufutia uchungu, bure, kama ilivyo desturi.

Akanywa kila asubuhi. Benchi likachoka kumcheka, likaanza kumuuliza habari.

Mtoto akazaliwa, wa kiume. Walikubaliana Ratmi amchukue siku ya kunyolewa nywele, majirani wakishakula wali wa baraka. Siku hiyo alikwenda na kitambaa kipya cha batiki cha kumbebea, na chupa yake ya jamu mkobani, maana hata siku ya furaha hakutaka kuruka dozi.

Alikuta wageni wameondoka na mtoto analia mpaka sauti imekauka. Maziwa ya Lestari yalikuwa yamekatika.

"Mchukue tu, shemeji," akasema mume wa Lestari. "Wewe angalau umejiandaa."

Lestari alimvalisha mtoto soksi, akamvua, akamvalisha tena.

Ratmi alikuwa ameshanyoosha mikono. "Yamekatika tangu lini?" akauliza.

"Tangu uliponiambia umenunua kitambaa."

Mikono ilibaki hewani kidogo. Kisha Ratmi akaketi mkekani, akafungua mkoba, akazibua chupa.

"Kunywa. Chungu, lakini usiteme."

"Si ya kwako hii, dada?"

"Kunywa, Lestari. Kesho nitamwambia Sumirah apitie huku."

Lestari akanywa yote huku machozi yakimtoka, akamweka mtoto kifuani. Mtoto akavuta, akalalamika, akavuta tena. Baadaye kidogo sauti ya kumeza ikasikika, na shemeji akatoka nje bila kumtazama mtu.

Ratmi alikunja kitambaa kipya mara nne, akakikumbatia kifuani. Kifua kilikuwa kizito, kimejaa, kimekuwa kikimuuma tangu alfajiri. Hakumwambia mtu.