Mkono Mfupi wa Ovaroli

Orodha ile haikuwa na jina hata moja. Ilikuwa ni vipimo vitupu: kifua, kiuno, mabega, urefu wa mguu, mkono wa kushoto, mkono wa kulia. Mama wa idara ya utumishi aliisukuma juu ya meza, akamwambia fundi aipitie, aseme kitambaa kiasi gani kitatosha na sare zote zitachukua wiki ngapi, kisha Ijumaa aje kutia saini mkataba kama ameridhika. Kazi ya kudumu, chumba chake mwenyewe cha kushonea, cherehani mbili za umeme. Fundi alijikaza asicheke kwa furaha kama mjinga.

Na kufurahi alikuwa na haki. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu afunge kibanda chake, watu wakiwa wameona heri kununua nguo zilizokwisha shonwa kuliko kumsubiri yeye na ahadi zake za kesho. Tangu hapo alilala kwenye kochi sebuleni kwa kaka yake. Cherehani yake ilikaa ukumbini, na wifi yake, kila akipita na kujigonga goti, alisema, "Jamani, na hii nayo itahama lini?" Fundi hakuwa mtoto. Kijembe alikijua kilikoelekezwa.

Kiwanda kilikuwa cha sabuni, na kilikuwa mbioni kuungana na kiwanda kingine cha sabuni cha upande wa pili wa mji. Wafanyakazi waliuita muungano huo harusi. Asubuhi ile mlinzi alipomfungulia geti alimwambia, "Karibu harusini, dada. Bwana harusi hatumjui, bibi harusi hatumjui, ila nguo tumeshapimwa." Na kweli walipimwa. Wiki mbili nyuma kiwanda kizima kilipangwa foleni uani kupimwa sare mpya, mpaka mpishi wa kantini, na tangu siku hiyo minong'ono ya watu kupunguzwa kazi ikafa yenyewe.

Kaka yake alipimwa pia. Alikuwa idara ya upakiaji, wenzake wakimwita Winchi kwa jinsi alivyokuwa akibeba mizigo enzi zake. Siku moja mashine ya kukatia sabuni iliukamata mkono wake wa kulia. Mfupa uliunga upogo, mkono ukagoma kunyooka, na Winchi, akiwa bado idara ileile, akahamishiwa mlangoni mwa ghala kuhesabu katoni. Jina halikuhama naye. Tangu ajali ile fundi ndiye aliyemshonea mashati yote, mkono wa kulia mfupi kwa inchi nne. Na ni yeye kaka aliyemfuata mama wa utumishi mara tatu kumwombea mdogo wake kazi hii.

Kwa hiyo fundi alianza na ukurasa wa wapakiaji, amtafute kaka. Hakuhitaji jina. Mtu mwenye mikono miwili isiyolingana alikuwa mmoja tu kiwanda kizima.

Akapitisha kidole mstari kwa mstari. Akarudia. Mikono yote ilikuwa sawa. Ndipo alipohesabu mistari, akakuta kumi na minane, na wapakiaji walikuwa arobaini.

"Mama, huu ukurasa wa wapakiaji haujakamilika."

"Umekamilika."

"Lakini si walipimwa wote?"

Mama wa utumishi aliinuka, akafunga mlango taratibu, akarudi kukaa. Alikuwa na mafua, na leso yake haikumtoka mkononi. "Walipimwa wote ili kazi isisimame," alisema. "Barua zitatoka mwisho wa mwezi. Wewe ni fundi, unashona ulichopewa. Ukiropoka nitajua ni wewe, maana karatasi hii tumeiona watu watatu tu." Akapenga kamasi. "Kaka yako namfahamu. Kwa nini unadhani nimekuchagua wewe? Angalau nyumba ile ibakiwe na mshahara mmoja."

Fundi alitoka pale. Mlinzi alimtania tena getini, hakumsikia.

Alhamisi mchana wifi alimpakulia chakula kwenye sahani ya wageni. Tangu ahamie nyumba ile hakuwahi kuiona sahani hiyo ikitoka kabatini kwa ajili yake. Kaka alikuwa zamu ya usiku wiki ile, kwa hiyo alikuwepo, ameoga, amechangamka.

"Haya, fundi mkuu," alisema. "Orodha umeiona?"

"Nimeiona."

"Na mkono wangu je? Wameuandika sawasawa? Wasije wakanishonea mkono wa mtu mzima, nikauvuta sakafuni."

Wifi akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Fundi alitafuna kitu kilichokuwa kimeshalainika.

"Vipimo ni vingi, kaka. Sikuangalia mmoja mmoja."

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema, na sina namna ya kuyapamba.

"Basi niko huko ndani," kaka alisema, akachukua simu. "Nimjibu huyu bwana wa duka, ananikalia kooni. Anataka jibu leo, la sivyo anamchukua mwingine." Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa amempa nafasi ya kusimamia ghala lake, kazi ya kukaa kwenye kiti, isiyojali mkono.

"Si usubiri kidogo?" wifi aliuliza. "Hiyo harusi yenu bado siielewi."

"Nisubiri nini, mke wangu? Wamenipima mpaka shingo. Mtu hapimwi nguo ya kufukuzwa nayo."

Kama kulikuwa na wakati wa kusema, ndio ulikuwa huo, simu ikiita upande wa pili. Fundi alimjua kaka yake. Siyo mtu wa kujiokoa peke yake na kuwaacha wenzake ishirini na mmoja gizani. Angekwenda zamu, angepanda juu ya katoni na kuwatangazia wote, na kabla ya jua kutoka kazi ya fundi ingekuwa imeota mbawa. Hilo lilikuwa kweli. Kweli nyingine ilikuwa ile sahani, na kochi lililomvunja mgongo miaka miwili, na cherehani mbili za umeme. Akainama chini ya meza kutafuta kijiko ambacho hakikuwa kimeanguka.

"Nashukuru sana, mkubwa," alimsikia kaka akisema. "Lakini mimi nilipo nimeshafika."

Ijumaa fundi alitia saini. Alijiapiza kumwambia kaka Jumamosi. Jumamosi akasema Jumapili, baada ya chakula. Jumapili mwenye duka alikwisha pata mtu, na cha kumwambia kaka kikawa kizito mara mbili.

Jumatatu zamu ya kaka ilibadilika, na saa ya chai alikuja chumba cha kushonea na wenzake wawili. "Ndiye huyu," aliwaambia. "Mdogo wangu, tumbo moja." Mmoja alikuwa na kitambi kikubwa, fundi alikwisha kiona kwenye orodha. Wa pili, mwembamba mwenye mabega ya kupanda, hakuwemo. Alijichukia kwa kujua hivyo kabla hata hawajasalimiana.

"Mimi unianze," kaka alisema. "Nataka niwe wa kwanza kuivaa hiyo ovaroli mpya. Na unipime tena wewe mwenyewe, wale walionipima mkono huu hawaujui."

Fundi alivua futi shingoni. Akapima kifua, mabega, kiuno. Akafika kwenye mkono wa kulia, akaupima, akaupima tena, ingawa kipimo chake alikuwa nacho kichwani miaka yote hii: inchi kumi na tisa. Akaandika kumi na tisa chini kabisa ya ukurasa wa wapakiaji, pasipokuwa na mstari.

"Usinibane kwapani," kaka alisema.

"Sitakubana, kaka," fundi alijibu.