Maoni ya Mama Laurence juu ya Kitabu cha Mkubwa

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Laurence Mukamugema aliingia katika chumba kidogo cha redio mtaani Himbi, akavua miwani, akaifuta kwa kitenge, akaivaa tena, halafu akasema kwenye maikro jinsi alivyoviona vitabu alivyosoma wiki hiyo. Hakuwa mwandishi. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa aliyestaafu, mjane mwenye magoti yanayouma, anayekaa mtaa wa Mapendo na mdogo wake Donatille. Lakini mjini Goma kulikuwa na watu wengi wasio na vitabu waliotaka kujua vitabu vinasema nini, na zaidi ya hapo walipenda kumsikia Mama Laurence akigombana na Papa Wenceslas.

Wenceslas Kambale, mtu wa Butembo, alikuwa na farmasi karibu na soko. Alisoma mambo ya kweli tu: ufugaji wa nyuki, magonjwa ya migomba, historia ya meli za ziwani. Riwaya zote aliziita bongo, uongo wa watu wasio na kazi.

“Huyu anajua nyuki kabisa,” Laurence aliwahi kusema, “lakini anaandika kama mutu anasoma bei ya unga.”

“Kitabu ya nyuki haiko ya kuliza mutu, Mama Laurence. Ni ya kupata asali. Ile riwaya yako ya juzi, kurasa mia tatu, musichana anasuka nywele na kungojea bwana! Mimi ningemupa adresi ya huyo bwana siku ya kwanza, tumalize.”

Wasikilizaji nao walipiga simu. Mama mmoja alilalamikia kitabu cha ushauri kwa wajawazito: “Yule mwandishi hakubebaka mimba hata moja. Anasema tulale muchana miguu ikiwa juu. Nani atachota maji?” Mwingine, fundi wa magari, alikisifu kitabu cha mapishi ambacho hakuwahi kupika hata chakula kimoja kutoka ndani yake, kwa sababu, alisema, kukisoma kulikuwa kama kula.

Laurence aliipenda kazi hiyo ingawa ilimchosha. Mwaka wa 2002 volkano ilizika nyumba yake pamoja na vitabu vyote vya marehemu mumewe, naye akajenga tena juu ya lava ile ile iliyoganda kuwa jiwe jeusi, kwa sababu kiwanja kilikuwa ni hicho. Mwaka wa 2021 mlima ulipowaka tena, yeye na Donatille walitembea hadi Sake na bahasha ya dawa na magodoro mawili, wakakaa huko shuleni, wakarudi. Halafu vita vikaingia mjini. Siku kadhaa watu walilala sakafuni chini ya madirisha. Milio ilipokoma, watu wa msalaba mwekundu walikuwa wakizika, umeme haukuwepo, na mji ulikuwa na wakubwa wapya wenye bunduki.

Redio ilikaa kimya kwa wiki nyingi. Ilipofunguliwa, mkurugenzi wake, Zéphirin, aliwaita Laurence na Wenceslas ofisini. Alikuwa amekonda. Kando yake aliketi kijana mwenye viatu safi na sauti ya chini, aliyejitambulisha kwa jina la Anastase, karani wa mmoja wa wale wakubwa. Aliweka mezani nakala mbili za kitabu kinene chenye picha ya mtu aliyevaa kofia ya kijeshi.

“Mukubwa ameandika maisha yake,” alisema kwa adabu. “Anasikilizaka emisyo yenu ya vitabu tangu zamani. Anaomba mutoe maoni. Maoni huru, kama vile munazoeaka.”

“Na kama hatupendi?” Wenceslas aliuliza.

Anastase alitabasamu. Zéphirin alitazama dirishani.

Laurence alikisoma kitabu hicho mlangoni kwake, kwenye mwanga wa mchana. Alitaka kiwe kibaya tangu mstari wa kwanza ili kazi iwe nyepesi. Hakikuwa hivyo. Sura ya kwanza ilikuwa juu ya bibi yake yule mtu, katika milima ya Masisi, kwenye vilima vile vile ambavyo Laurence mwenyewe alizaliwa. Bibi alisuka maziwa asubuhi akitikisa kibuyu mapajani, na jioni alisimama mlangoni pa zizi akiwaita ng’ombe mmoja mmoja, kila mmoja kwa jina lake na kwa sifa yake, na yule mtoto alikaa kwenye majani yenye umande akihofia kwamba siku moja bibi atasahau jina moja na ng’ombe huyo hatarudi. Laurence aliona machozi yamedondoka kwenye karatasi. Alikasirika. Aliyafuta kwa kidole akaendelea.

Baada ya hapo kitabu kiliharibika. Sura kumi na nne za vita. Mwandishi hakosei wala haogopi. Vijiji vinaimba anapofika. Adui “wanapunguzwa”. Raia “wanaelewa”. Laurence alisoma hadi mwisho, kwa sababu hakuwahi kutoa maoni juu ya kitabu ambacho hakukimaliza.

Ijumaa Wenceslas alimfikia nyumbani. Alikataa kukaa.

“Umesoma?”

“Nimesoma. Na wewe?”

“Nilifika fasi anasema vijiji vinaimba, nikatupa. Dada yangu alitoka mu kijiji kama kile na nguo moja. Hakuna mutu aliimba.”

“Ile ya kwanza, Papa Wenceslas. Ile ya bibi. Ni nzuri.”

Wenceslas alisogea karibu.

“Usiseme ile maneno kwa maikro.”

“Ni kweli lakini.”

“Mama Laurence, sikiliza. Ukisifu hata ukurasa moja, bale watu watakata sauti yako wapeleke ile kipande tu. Kila asubuhi. Na majirani yako? Wewe ni mutu wa Masisi, unasema luga moja na yule mukubwa. Watasema: tuliyajua tangu zamani, huyu ni wa kwao.”

“Nikisema kitabu yote ni mbaya, nitakuwa nimesema bongo.”

“Sema hiyo bongo basi! Mara moja!”

“Ningekuwa na nguvu ningesema,” alijibu Laurence. “Bongo inaomba nguvu. Unaitunga leo, kesho unaikumbuka, kesho kutwa unaipanga vizuri. Mimi nimechoka, Papa Wenceslas. Nimekimbia moto mara mbili, nimelala chini ya meza kama mutoto. Sina nguvu ya kukumbuka bongo.”

“Basi utakuwa peke yako,” alisema Wenceslas, akaondoka bila kuaga.

Donatille, aliyekuwa akichambua mboga nyuma ya mlango, alimwambia dadake kwa upole: “Yaya, sema tu macho inauma. Kila mutu atakuelewa.” Laurence alisema atafikiri. Hakufikiri, alilala.

Jumamosi alikaa peke yake mbele ya maikro. Kiti cha Wenceslas kilikuwa wazi. Nyuma ya kioo walisimama Zéphirin na Anastase. Alianza kama kawaida: riwaya ya upelelezi ambayo mwuaji alijulikana mapema mno, kisha kitabu kidogo cha afya ya meno, ambacho alikisifu kwa kuwa kifupi. Halafu akavua miwani na kuivaa tena.

“Kuna hiki kitabu cha maisha ya mkubwa wetu,” alisema. “Sura ya kwanza imeandikwa na mtoto aliyempenda bibi yake. Niliisoma nikalia, na sioni haya kusema. Sura nyingine zimeandikwa na mtu ambaye hakuna anayethubutu kumwambia: hapa umekosea, andika tena. Nitawaambia nimejuaje. Ng’ombe wa bibi wana majina wote. Kuna mmoja mwenye pembe iliyovunjika, mpaka leo namwona. Lakini katika sura kumi na nne za vita, watu wanakufa ukurasa hadi ukurasa na hakuna hata mmoja mwenye jina. Hao nao waliitwa majina na bibi zao. Mwandishi anajua kazi hiyo, ametuonyesha mwenyewe. Hakutaka kuifanya. Hayo ndiyo maoni yangu.”

Wimbo uliwekwa haraka. Laurence alipotoka, Anastase alikuwa bado amesimama pale pale, uso umemkauka.

“Mama,” alinong’ona, “mimi nitamuambia nini Mukubwa? Alikuwa mu safari, hakusikia. Atataka kusikia kaseti.”

“Umupe kaseti.”

“Unajua ile haiwezekani.”

Kipindi kilisimamishwa kwa sababu ya matengenezo, ndivyo Zéphirin alivyosema, bila kueleza ni kitu gani kimeharibika. Na tangu Jumatatu ikawa kama Wenceslas alivyosema. Asubuhi, kati ya nyimbo mbili, redio ilitoa sauti ya Laurence: “Kuna hiki kitabu cha maisha ya mkubwa wetu. Niliisoma nikalia, na sioni haya kusema.” Basi. Siku ya kipindi chenyewe umeme haukuwepo mtaani, na ni wachache waliosikia yale yaliyokatwa.

Kahindo, mama muuza makala, yaani mkaa, wa kona ya njia, ambaye kila siku alimwitikia Laurence kwa kicheko, aligeuza uso na kuendelea kupanga makala yake. Bombani watu walinyamaza Donatille alipofika. Mtu alimwaga majivu mlangoni kwao. Laurence aliyafagia, akarudi kitandani mchana kweupe, jambo ambalo Donatille hakuwahi kuliona.

Kisha likaja jambo baya zaidi. Gari la kijeshi lilisimama mbele ya nyumba, askari wawili wakashusha gunia la maharagwe kwenye baraza. Anastase alikuwa nao.

“Mukubwa amesikia maoni yako,” alisema bila kumtazama. “Amefurahi sana. Anasema wewe peke yako umemuelewa.”

Laurence alielewa mara moja. Walimpa mkubwa kile kipande tu. Hata wao walikuwa wanamwogopa kiasi hicho.

“Mumurudishie,” alisema.

“Hatukupewa amri ya kurudisha kitu,” alijibu askari mmoja, si kwa ukali, na gari likaondoka. Watoto wa jirani waliitwa ndani.

Gunia likabaki barazani. Njaa ilikuwa katika kila nyumba ya njia ile, hata kwao, lakini hakuna aliyeligusa. Usiku hata wezi walilipita. Laurence aliogopa kulitupa na aliona haya kulila. Kila alipotoka alilizunguka kama mtu anavyomzunguka mbwa asiyemjua.

Siku ya soko Wenceslas alitokea akiwa na mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Jasho lilikuwa linamtoka. Hakumsalimia kwanza, alilipiga gunia kwa kiganja.

“Ndio hii?”

“Ndio hii.”

“Nilikusikiliza siku ile na redio ya batri,” alisema. “Yote. Nilikaa mu farmasi nimefunga mulango. Nilikuambia usiseme. Ulisema, na ulisema muzuri, na mimi sikukuwa kwa kiti yangu.” Alikohoa. “Tupeleke hii kitu kwa paroasi, kwa masista. Wako wanapikia wakimbizi walitoka kambi ya Kanyaruchinya. Muchana, batu wote waone.”

Walilipakia watatu, Laurence akisaidia kwa upande mmoja tu kwa sababu ya mgongo. Mwenye chukudu alishika usukani, Wenceslas akasukuma nyuma, Laurence akatembea kando kama anayesindikiza maiti. Watu walitoka milangoni. Mmoja akaita kwa kejeli: “Mama Laurence, mukubwa ameongeza?”

Wenceslas alisimamisha chukudu katikati ya njia.

“Ulisikia maoni yake?”

“Tunasikia kila asubuhi.”

“Unasikia mukia. Kichwa walikata.” Na yule mtu wa nyuki na migomba, aliyekuwa hawezi kusimulia riwaya hata kwa kulazimishwa, akasimulia pale barabarani, kwa sauti ya kuuza dawa, habari za bibi, za ng’ombe mwenye pembe iliyovunjika, na za watu wa sura kumi na nne. Alikosea mahali pawili, Laurence hakumsahihisha. Kila walipokutana na kundi alisimama akarudia, hata mwenye chukudu akaanza kulalamika kwamba ana safari nyingine.

Kwenye kona, Kahindo aliacha makala yake akawafuata kwa hatua chache. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwikoni.

“Mama Laurence. Ile anasema Papa Wenceslas, ulisema kweli? Kwa redio?”

“Nilisema.”

Kahindo alifuta mikono kwenye kitenge kwa muda mrefu, ingawa haikutakata.

“Mutoto wangu alikuwa anaitwa Guylain,” alisema. “Alienda kuchota maji kwa ziwa, ile siku ya pili ya vita.”

“Guylain,” alirudia Laurence. Akamshika mkono ule mweusi, wakatembea pamoja hadi paroasi.

Masista walilipokea gunia bila maswali. Walikuwa na sufuria tupu na foleni ndefu. Kahindo akarudi kwenye makala yake. Wenceslas alianza tayari kueleza habari ya kitabu kimoja cha mvua na misimu, akisema kwamba kama redio imefungwa wanaweza kukaa barazani kwa Laurence siku za Jumamosi, anayetaka aje, na kwamba safari hii hatakubali riwaya zaidi ya moja.

“Kesho, Papa Wenceslas,” alisema Laurence. “Utaniambia kesho. Magoti imekataa.”

Alitazama chukudu tupu, kisha akamtazama mwenye kuiendesha. Yule bwana akacheka, akapangusa ubao kwa kofia yake. Laurence akakaa juu yake kwa upande, pochi mapajani, mwalimu wa Kifaransa mwenye umri wake, mbele ya watu wote, wala hakujali. Wanaume wawili walimsukuma taratibu juu ya mawe meusi. Kabla hawajafika Mapendo alikuwa amefumba macho, na Wenceslas, aliyekuwa bado anaongea juu ya mvua, akapunguza sauti.