Kisiwa Kilichopigwa Pasi

Watu wakijua huoni wanakupigia kelele, kana kwamba masikio nayo yamepofuka. Surua ilinichukua macho nikiwa na miaka minne, sasa ni bibi mzima, na kelele hizo bado zinaniudhi. Mdogo wangu Nashon peke yake ndiye aliyesema nami kwa sauti ya kawaida. Mara nyingi alininong'oneza, maana mengi aliyokuwa nayo ya kusema hayakufaa kusikiwa na watu wazima.

Mwaka wa tatu wa uhuru mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, yeye tisa. Kwetu ni kisiwa cha Rusinga, lakini nilisoma bweni huko Migori, kwenye darasa la wasioona la shule moja ya misheni. Mwalimu wetu, Elkanah, naye alikuwa haoni. Alikuwa ametuandikia hadithi moja ndefu ya watoto kwa maandishi ya nukta. Bibi mmoja wa misheni alimsomea kitabu chake kwa Kiswahili, na Mwalimu akakaa anatoboa karatasi ngumu kwa kalamu ya chuma, nukta baada ya nukta, mpaka kiganja kikaota sugu. Kisha yule bibi akarudi kwao Ulaya na kitabu chake. Kwetu ikabaki nakala hiyo moja tu, vitabu vitano vikubwa, kila kimoja kinabebwa kichwani kama sinia la omena, dagaa wa ziwa letu.

Ilikuwa hadithi ya kisiwa chenye miguu. Watoto wawili, Kito na dada yake Salua, wanaamka asubuhi na kukuta kisiwa chao kimesimama, kimetoka majini na kinatembea nchi kavu, kinatafuta mahali kilipozaliwa. Kila likizo Mwalimu aliniruhusu nibebe kitabu kimoja nyumbani, na kila likizo nilimsomea Nashon. Nilisoma kwa Kiswahili, na palipokuwa pagumu niligeuza Kijaluo. Kitabu cha nne kiliishia Salua ananing'inia kwenye kamba juu ya shimo, na kamba inakatika. Nashon alibaki na kamba hiyo muhula mzima.

"Kuna mtu alikata," aliniambia siku ninaondoka. "Kamba haikatiki yenyewe. Leta hiyo ya tano nijue ni nani."

Mama yetu, Phelesia, hakuwahi kukaa nasi nikisoma. Nikifungua kitabu tu, yeye anakumbuka kuni, au anakumbuka kuku. Nilidhani ni kazi nyingi. Nilikuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba kumtazama mtoto wake akisoma kwa vidole kulikuwa ni kukubali kwamba macho hayatarudi, na mama alikuwa bado anayaombea. Vitabu vyangu alivifunga kwa leso na kuviweka juu ya kabati kwa heshima zote. Kurasa zake hakuwahi kuzigusa.

Nashon naye alikuwa na ugonjwa wa damu. Ulikuja na kuondoka tangu alipokuwa mchanga, ukavimbisha viungo vyake na kumlaza wiki nzima akisaga meno. Aprili hiyo ulikuja na haukuondoka. Basi langu lilipofika Homa Bay, mama alikuwa ananingoja bandarini, Nashon mgongoni, mtoto wa miaka tisa anabebwa kama wa miaka miwili. Walikuwa wametoka hospitalini asubuhi hiyo.

"Daktari amesema ako sawa," mama alisema. "Apumzike tu nyumbani."

Mama alipomshusha na kwenda kuulizia mashua, Nashon akanivuta sikio. "Alisema wanipe kitu yoyote nataka. Mtu akipona hawasemi hivyo."

Nikamuuliza anataka nini.

"Nataka kujua kama kisiwa kinafika. Umekuja na kitabu?"

Nilikuwa nacho, kimefungwa ndani ya mfuko, na mfuko umefunikwa turubai. Lilikuwa turubai moja tu. Mvua ilipotukuta ziwani, karibu na Mbita, mama alilivua kwenye mfuko wangu na kumfunika Nashon. Alifanya vizuri, na mtu asimlaumu kwa hilo. Tulifika nyumbani mtoto mkavu, na kitabu kinatiririka maji.

Karatasi ya nukta ikilowa si mwisho wa dunia. Unaiacha wazi kivulini, huiwekei kitu juu, inakauka polepole na nukta zake zinasimama. Asubuhi nilikitandaza kitabu juu ya mkeka, nikasema kiachwe hivyo hivyo.

"Kitakauka lini?" Nashon akauliza.

"Siku tatu. Labda nne."

Nilimsikia akinyamaza, na mama aliyekuwa mlangoni akasikia pia.

Sasa, mama yangu alikuwa bingwa wa pasi. Vitambaa vyeupe vya akina mama wa kanisa lote vilipita mikononi mwake kila Jumamosi, na joho la mchungaji vilevile. Kwake hakuna kilicholowa au kujikunja ambacho pasi ya makaa haikiwezi. Mimi nikaenda na wenzangu ziwani kuchota maji na kuoga, tukakawia. Niliporudi nilisikia harufu ya makaa na karatasi ya moto.

"Njoo uone!" mama aliniita, na sauti yake ilikuwa ya furaha, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Krismasi. "Nimemaliza yote, mpaka ya mwisho. Hiyo maji ilikuwa imetoa vipele kila mahali. Nimenyunyiza, nikapiga, hata kipele moja sijaacha. Sasa mtoto asome."

Niliweka mkono juu ya ukurasa. Ulikuwa na vuguvugu bado, na laini kabisa. Nikafungua mwingine, na mwingine, katikati, mwisho. Nimepofuka mara mbili maishani mwangu, na hiyo ilikuwa ya pili. Nilitaka kulia kwa sauti, nilitaka kumwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake. Miezi ya Mwalimu Elkanah, sugu ya kiganja chake, Salua na kamba yake, vyote vimelazwa chini kama kola ya shati.

Nashon alikuwa ameketi kwenye mkeka kando yangu. Yeye alikuwa na macho, na kurasa za nukta alizijua tangu kitabu cha kwanza. Nilimsikia akigeuza kurasa mbili. Kisha mkono wake ukanishika, wa moto kwa homa.

"Usimwambie," akaninong'oneza. "Amejichoma mkono mpaka kwa kiwiko. Usimwambie kabisa." Halafu akapaza sauti. "Mama, imekauka! Zilpah, soma basi. Salua alianguka kwa shimo?"

Vidole vyangu vilikuwa juu ya karatasi tupu.

"Alianguka?" akauliza tena, akanifinya.

"Hapana," nikasema.

"Kulikuwa na mtu chini?"

Hapo ndipo nilipomwelewa. "Kulikuwa na mtu chini," nikasema, na nikaanza kutembeza vidole kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, kama msomaji.

Nikasikia kigoda kikiburutwa. Mama alikuwa ameketi pamoja nasi. Safari hii hakukumbuka kuni wala kuku, kwa sababu hicho kitabu sasa kilikuwa na jasho lake.

Tulisoma hivyo kila siku baada ya chakula cha mchana, mimi na Nashon. Mama aliona mimi nasoma na Nashon anauliza maswali, naye mara nyingi alimkemea, "Wacha dada yako asome, nyathina, mtoto wangu, usimkate maneno." Hakujua kwamba bila maswali yale ningekwama. Siku ya kwanza nilimfanya yule mtu wa chini amdake Salua na kumlaza juu ya nyasi laini. "Nyasi?" Nashon akasema. "Chini ya shimo, kwa giza, nyasi inamea?" Nikageuza ukurasa haraka, nikasoma kwamba hazikuwa nyasi, zilikuwa manyoya ya ndege mkubwa, na ndege huyo ndiye aliyekata kamba. Nashon akashusha pumzi. Aliridhika na ndege.

Alizidi kukonda. Nilipomgusa goti lilikuwa gumu na la moto, na mkono wake juu ya goti hilo ulikuwa mfupa tu. Lakini saa ya kitabu ikifika alisema ainuliwe, aegemee ukuta. Nilijua, naye alijua, kwamba tunakimbizana na kitu. Alitaka kisiwa kifike akiwepo. Mimi nilitaka mama asijue. Hayo mawili tu ndiyo niliyomwomba Mungu mwezi ule, nikaacha kabisa kumwomba macho.

Baba alikuwa hukohuko Migori, akifanya kazi kwenye kinu cha unga, na nyumbani alikuja mara mbili kwa mwaka. Siku moja Nashon akauliza, "Na baba yao? Si alikuwa anafanya kazi mbali?"

Katika vitabu vinne vya Mwalimu Elkanah, Kito na Salua hawakuwa na baba wala kazi yake. Nikapapasa ukurasa. "Alikuwa anafanya kazi mbali," nikasoma.

"Kwa kinu?"

"Kwenye kinu."

"Kisiwa kilipita huko? Lakini kisiwa kubwa hivyo haisimami tu. Nani aliiambia isimame?" Akangoja kidogo, akaona nimekwama. "Ni Kito, eh? Alipiga mluzi?"

Basi Kito akapiga mluzi, kisiwa kikasimama katikati ya soko, wauza ndizi wakakimbia, na baba yao akatoka kinuni akapanda na unga kichwani, mweupe pepepe kama mzee wa miaka mia. Watoto wake hawakumjua mpaka alipopiga chafya. Mama alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha nikamsikia akifuta uso kwa leso.

"Hii kitabu inajua watu," alisema. "Huyo ni baba yenu kabisa. Kwa nini sikukaa kuisikiliza zamani?"

Nashon aliniegemea begani. Alikuwa anatetemeka, na sikuweza kujua kama ni kicheko au ni homa.

Siku chache baadaye akaniuliza kama kisiwa kiko karibu. Nikamwambia kiko karibu sana, kinasikia harufu ya mahali pake. Kama ni leo, naweza kukifikisha leo.

"Usikifikishe leo," akasema. "Nimechoka. Nataka kikifika nikuwe macho."

Alikufa kesho yake, kabla ya chakula cha mchana.

Kwetu mtoto hazikwi kwa makelele. Walimzika jioni ileile, wanaume wanne na jembe, akina mama wa kanisa wakaimba wimbo mmoja wakiwa na vitambaa vyao vilivyonyooka. Salamu zilimfikia baba Migori wakati udongo umekwisha kauka. Alikuja, akakaa kaburini siku nzima bila kusema, akala mara moja, na mwenye kinu akamtaka arudi. Nilimsikia akiondoka alfajiri. Mama hakumsindikiza hata mpaka kwenye uzio.

Mchana huo, saa ileile yetu, mama aliingia na kigoda. Nilisikia leso ikifunguliwa, kisha uzito wa kitabu ukanikalia mapajani.

"Nisomee pale kisiwa inampitia baba yao," alisema.

Nikafungua popote. Nikaweka vidole, nikaanza. Nilisema kisiwa kilifika mjini asubuhi na mapema.

"Ngoja." Akasogea karibu, nikanusa sabuni ya mikono yake. "Unajua sijawahi kugusa. Nilikuwa naogopa. Nionyeshe hapo imeandikwa baba. Nataka kuweka kidole changu hapo Nashon alicheka."

Ningemwambia nini? Nilichukua kidole chake na kukiweka katikati ya ukurasa. Kidole kikakaa. Kikasogea kulia, kikarudi kushoto. Kisha mama akafungua kiganja chote na kukipitisha juu ya karatasi, taratibu, jinsi anavyokipitisha juu ya kitambaa kutafuta kilipobaki na mkunjo. Mama yangu kiganja chake hakijawahi kukosea.

Akageuza ukurasa. Akageuza mwingine.

"Zilpah," alisema. "Vile vipele."

"Ndiyo, Mama."

"Ndiyo ilikuwa maandishi."

"Ndiyo, Mama."

Nje kuku alikuwa akichakura. Mama hakulia. Nilitamani alie, nilitamani hata anipige.

"Nashon alijua?"

"Alijua siku ya kwanza. Ndiye aliyesema usiambiwe."

"Na hiyo ya baba na unga?"

"Tulitunga. Mimi na yeye."

Kiganja chake kilikuwa bado juu ya karatasi, na mimi sikuthubutu kukigusa. Kisha akakiondoa, akakisukuma kitabu vizuri mapajani mwangu, akaniwekea mikono yangu yote miwili juu yake, mmoja mmoja.

"Basi soma," alisema. "Soma tu vile mlikuwa mnasoma. Hiyo kisiwa ifike."

Nikatembeza vidole kutoka kushoto kwenda kulia. Nikasema kisiwa kilifika mjini asubuhi na mapema, kikakiona kinu, na baba yao yumo ndani hajui lolote. Nikafika mahali ambapo lazima kisiwa kiambiwe kisimame. Mama alikuwa ananingoja. Nikanyamaza, vidole vyangu vimesimama, nikisubiri Nashon aulize.