Soksi za Baba Lusungu

Soksi za Gaudens zilianza kupotea baada ya Pasaka, moja moja, na mwenyewe akawa anaziulizia kila asubuhi kwa sauti ya mtu aliyeibiwa gari. Na msicheke. Gaudens hakuwa mvaaji wa soksi hivi hivi. Yeye ni karani wa bandarini, mtu wa shati la kunyooshwa, na soksi zake ni zile ndefu nene za kuvuta hadi chini ya goti. Anazivaa kazini, anazivaa kanisani, na pale nyumbani kwake Tabata anazivaa na kandambili, joto la Dar liseme litakalo.

"Mama Lusungu! Ile ya kijivu nayo haipo!"

"Itakuwa upepo, baba. Kamba yenyewe imelegea."

"Upepo gani huo unachagua soksi unaacha mashati?"

Mkewe, Sekela, akainamia kikombe chake cha chai ili asionekane anavyojizuia kucheka. Upepo alikuwa yeye.

Lakini msimhukumu kabla hamjajua alikotoka. Mwaka jana Sekela alianguka sokoni akiwa anachagua nyanya. Akakimbizwa hospitali, wakampima, presha iko juu. Daktari, binti mdogo tu wa umri wa Lusungu wao, akampa vidonge, akasema mbele ya mumewe: "Mama, punguza chumvi, na mazoezi ni lazima. Mwili ufanye kazi, jasho litoke." Sekela aliyasikia yote hayo. Gaudens alisikia neno moja, presha, mengine yakapita juu kwa juu.

Tangu siku hiyo akamgeuza mkewe yai. Sekela akishika ndoo, ndoo inanyakuliwa. Akishika fagio, "Acha, acha, utaanguka!" Akitaka kwenda dukani, anaitwa mtoto wa jirani atumwe. Mwanamke aliyekulia Tukuyu, kupanda mlima na kushuka mlima na maji kichwani, leo amewekwa kwenye kochi na mto nyuma ya mgongo! Cherehani chake cha barazani ndicho kitu pekee alichoachiwa, nacho Gaudens alikiangalia kwa jicho baya. Na ubaya ni kwamba mwanaume yule alikuwa anampenda kwelikweli. Mtu anayekufokea, nawe unamfokea, mnamalizana. Anayekuletea mto utamwambia nini?

Basi Sekela akakaa. Akanenepa, akakosa usingizi, akaanza kujisikia kizee na miaka hamsini ndiyo kwanza ameivuka.

Aliyemharibu ni Hayat, mke wa Masoud mwenye duka la kona. Jumamosi moja jioni Sekela alimpelekea dera lake alilomshonea, akafika dukani akasikia vifijo vinatoka uwanjani kwa nyuma, vigelegele na mayowe, mtu angedhani kuna harusi. Akachungulia. Loh! Wanawake wazima, wengine wana watoto chuo kikuu, madera wameyafunga kiunoni, chini wamevaa suruali za kubana, wanacheza rede.

Kwa asiyekulia na wasichana, rede ni hivi. Wawili wanasimama huku na huku na mpira wa matambara, wanawalenga walio katikati. Ukipigwa umetoka. Anayebaki peke yake anakabidhiwa chupa tupu ya soda, aijaze mchanga huku akikwepa. Chupa ikijaa akaimwaga, amewaokoa wenzake wote, timu imeshinda. Mchezo wenyewe ndio huo. Lakini Sekela akiwa darasa la sita hakukuwa na mtu wa kumpiga, si Tukuyu, si shule za jirani.

"Da Sekela, utaishia kuchungulia?" Hayat akamwona, ushungi umejaa vumbi, uso unang'aa kwa jasho.

"Mie mgonjwa, mwenzangu. Presha."

"Wee! Hapa nani hana presha? Vua viatu, ingia!"

Akaingia. Mpira wa kwanza ulimpata tumboni, puu! Akaanguka makalio, akacheka. Akacheka hadi machozi yakamtoka, na alipojaribu kunyanyuka akacheka tena. Hakukumbuka mara ya mwisho alicheka hivyo lini. Aliporudi nyumbani Gaudens alikuwa mlangoni na tochi mkononi, jua bado halijazama vizuri.

"Ulikuwa wapi, mama? Na hilo jasho?"

"Mazoezi ya kwaya," Sekela akasema, na uongo ukatoka mwororo kama ugali wa moto. "Yatakuwa kila Jumamosi."

Gaudens akafurahi. Kwaya ni kusimama na kuimba, mtu ataangukia wapi?

Sasa mpira wa pale kwa Masoud ulikuwa wa mifuko ya plastiki, mwepesi, upepo ukivuma unakwenda unakotaka. Sekela, fundi mzima, akasema huu uchafu mie siuwezi, nitashona wa maana. Na mpira wa maana unataka kitu kizito lakini laini ndani yake. Alianza na soksi zilizotoboka kisigino, hizo si kosa. Mpira ukatoka mzuri, ila mdogo. Akaongeza zilizolegea. Halafu mkono ukazoea.

Miezi ikapita. Sekela akapungua, usingizi ukarudi, akawa anaimba akishona. Akienda kliniki kupimwa, presha imetulia, na Gaudens anamgeukia muuguzi kwa majivuno: "Unaona? Kupumzika kunasaidia!" Sekela anaangalia dari. Alitamani kumwambia, ulimi ulimwasha. Lakini alimjua mumewe. Akijua tu, Jumamosi zimekwisha. Atarudishwa kwenye kochi, tena kwa upendo, na hatatoka hapo hadi wambebe.

Ndipo wanawake wa Sinza wakaomba mechi.

Sinza walikuja Jumamosi, kundi zima, fulana za njano zilizoandikwa majina mgongoni. Mrushaji wao alikuwa Kokushubila, mwalimu wa sekondari, mrefu, mkono kama mwiko wa ugali wa msibani. Alipoushika mpira wa Sekela akaupima, akaurusha juu, akaudaka.

"Mpira mzuri. Mna mwingine?"

"Huo huo," Hayat akajibu.

"Basi tukubaliane kabisa. Nyie wenyeji, mpira wenu. Ukifa katikati ya mchezo na hamna mwingine, mmeshindwa. Tusije kuambiana maneno."

"Utakufaje?" Sekela akasema. "Nimeushona mie."

Masoud akapuliza filimbi, maana refa alikuwa yeye, na kiti chake cha plastiki akakiweka kwenye kivuli. Mtaa mzima ulikuja. Watu walipanda juu ya tofali, wengine ukutani. Sinza wakacheza zamu yao, wote wakapigwa mmoja baada ya mwingine, chupa haikufika hata nusu. Tabata wakaingia. Kokushubila akaanza kazi. Puu! Wa kwanza. Puu! Wa pili. Hayat akakwepa kwa madaha, akaruka, akazunguka, akawapungia watazamaji mkono, na alipokuwa anapunga ndipo ukampata mgongoni. Alitoka anajitukana mwenyewe.

Akabaki Sekela na chupa yake.

Akachuchumaa, akachota kiganja cha mchanga, akamimina. Mpira! Akainama, ukapita. Akachota. Mpira kutoka nyuma! Akageuka pembeni, ukapita sentimita chache tu kutoka sikioni. Mwili wake ulikumbuka kila kitu, magoti, kiuno, shingo, vyote vikarudi darasa la sita. Watu wakaanza kuita jina lake. Alikuwa na furaha, jamani, furaha ya kumfanya mtu apige kelele bila sababu, na alipiga.

Akainua macho kumtazama Kokushubila, na nyuma ya Kokushubila, kati ya watazamaji, akamwona Gaudens.

Gaudens wake, shati limechomekewa kwenye kaptula, soksi nyeusi za kanisani hadi magotini, na mkononi pakiti ya vidonge vya presha. Mdomo wake ulikuwa wazi. Sekela akakumbuka vidonge alivyoviacha mezani. Mpira ulikuwa umeshaachiwa, na hakujua alivyokwepa, alijikuta tu yuko chini, na mpira umempita kwa nguvu zote za Kokushubila ukaenda kugonga rundo la tofali. Ukapasuka.

Soksi zikatoka. Zikamwagika pale mchangani mbele ya mtaa mzima: ya kijivu, za mistari, za kahawia, ile ya bluu yenye alama ya nanga. Kila mtu aliyemfahamu karani Gaudens alizitambua, na mtaa mzima unamfahamu. Kicheko kilianzia kwenye tofali kikazunguka uwanja, halafu watu walipomwona mwenyewe amesimama, kikakatika.

Gaudens akatembea hadi kwenye lile rundo. Akainama, akaokota ile ya bluu.

"Hii nilivaa harusi ya Lusungu," akasema.

"Baba Lusungu," Sekela akaanza, chupa bado iko mkononi, mchanga umebakiza vidole viwili kufika mdomoni. "Baba, nisikilize..."

"Umesahau dawa. Nikakupelekea kanisani." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mlinzi akaniambia kwaya walihamia Alhamisi tangu baada ya Pasaka. Nikajua umeanguka mahali. Nimezunguka mitaa yote, Mama Lusungu. Nimeulizia hadi kwenye zahanati."

Sekela alitamani ardhi ipasuke immeze. Kumbe alikuwa amejiandaa kwa ukali, si kwa hili.

Kokushubila akasafisha koo. "Samahani wazee wangu. Refa, mpira umekufa. Kuna mwingine?"

Masoud akaangalia mabaki yale, akamwangalia mkewe. Hayat akatikisa kichwa. Lile ganda la nje lilikuwa limechanika vibaya, na nusu ya soksi zilikuwa zimechanika nalo. Masoud akanyanyua filimbi taratibu kama mtu anayepeleka mdomoni dawa chungu.

"Ngoja," Gaudens akasema.

Alimtazama mkewe. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza kwa mwaka mzima alimtazama bila kumtafuta ugonjwa. Aliona miguu yake mitupu, imara, imejaa vumbi. Aliona mikono, aliona jasho, aliona macho ya yule msichana aliyemwona zamani Mbeya stendi, akishusha mzigo wake mwenyewe kutoka juu ya basi huku makuli wakishangaa.

"Ndiyo hii kwaya yako?"

"Ndiyo hii."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla presha haijashuka," Sekela akasema, na machozi yakamtoka. "Haikushushwa na kochi, baba."

Gaudens akaenda kivulini. Akaketi kwenye kiti cha refa, na Masoud mwenyewe akampisha. Akafungua kamba za viatu. Akavua soksi ya kulia, akaikung'uta. Akavua ya kushoto. Watu wa Tabata wanaapa hawajawahi kumwona vidole vya miguu kabla ya siku ile, na vilikuwa vyeupe kama vya mtoto mchanga. Akamwendea mkewe, akampa.

"Shona," akasema. "Hizi ni nzito. Za Uingereza."

Uwanja ulilipuka! Hayat alipiga kigelegele kilichosikika hadi barabarani. Sekela akatoa sindano aliyoichomeka kwenye ukosi wa dera, fundi hatembei bila sindano, akafungasha zilizopona ndani ya moja nyeusi, akavuta nyingine juu yake, akashona haraka haraka. Kokushubila akaudaka, akaunusa, akakunja uso.

"Jamani! Una joto!"

"Rusha!" watu wakamjibu.

Akarusha. Sekela akachota mchanga akaruka. Ukarudi kutoka upande wa pili, wa chini, wa hila, unaomfuata magotini. Na sauti moja ikapanda juu ya zote, sauti ya yule aliyemnyang'anya ndoo na fagio mwaka mzima:

"Lala! Mama Lusungu, lala chini, laaala!"

Sekela akajitupa kifudifudi kama samaki. Mpira ukapita juu ya mgongo wake. Akiwa bado amelala akasukuma mchanga wa mwisho kwa kiganja, chupa ikajaa hadi ikafurika, akainuka, akaimwaga juu ya kichwa chake mwenyewe mbele ya Sinza wote. Wenzake wakamvamia. Alipotoka chini ya rundo la madera na fulana, mumewe alikuwa amesimama na kidonge kwenye kiganja na chupa ya maji.

"Meza kwanza," akasema. "Kelele baadaye."

Walirudi nyumbani kwa miguu, taratibu, Gaudens viatu vinampwaya bila soksi, kila baada ya hatua chache anasimama kutoa mchanga. Hakuna aliyeomba msamaha kwa maneno. Walipopita duka la mitumba Sekela akanunua soksi mbili ndefu, akamtia mfukoni.

"Hiyo kwaya ya Jumamosi," Gaudens akasema walipokaribia getini, "inaanza saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Mnapokea wanaume?"

"Wa kushika viatu tu."

Akacheka. Uani, ndoo aliyoitega Gaudens kabla ya kutoka ilikuwa imeshajaa chini ya bomba, maji yanamwagikia pembeni. Sekela akafunga koki, akainama, akaishika kishikio. Mkono wa Gaudens ukanyooka kwa mazoea, ukafika karibu, ukasita hewani. Kisha akaurudisha, akatangulia mbele na viatu vyake vinavyolia kwap kwap, akamfungulia mlango ili apite na ndoo yake.