Pointi Thelathini na Tano

Kwa siku nne mfululizo Araba Eshun alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya adabu, imekunjwa vizuri kama sare ya Jumapili. Hakupiga kelele, hakuvunja kitu. Aliwaamkia walimu wote kwa majina yao kamili. Walimu wa Shule ya Bweni ya Mtakatifu Klementi wakaanza kuogopa, maana msichana huyu wa kidato cha tatu ndiye aliyemwingiza jogoo wa mlezi wa bweni kanisani wakati wa sala ya toba, na ndiye aliyebandika kwenye mlango wa ofisi tangazo rasmi, lenye muhuri wa kuchonga kwa muhogo, kwamba Jumatatu imefutwa. Mtu wa namna hiyo akikuamkia kwa heshima, kagua kiti chako kabla hujakaa.

Chanzo kilikuwa lango. Shule ilikuwa imejengewa uwanja mpya wa michezo, na Bodi ilitaka lango lake lipewe jina la mwanamichezo kamili kuliko wote waliowahi kupita shuleni hapo: si mkimbiaji tu, si mrukaji tu, bali mtu wa kila kitu. Ili isionekane kwamba imekwisha kuamua, Bodi iliagiza ufanyike mdahalo Siku ya Hotuba na Zawadi, na wageni wapige kura. Kwamba fundi rangi alikuwa tayari amechora kwa penseli herufi za ARKORFUL juu ya lango, hilo halikumsumbua yeyote.

Mheshimiwa Kobina Arkorful alitwaa Kombe la Mwanamichezo Kamili miaka ishirini na mitano kabla ya siku hiyo. Sasa alikuwa na viwanda vya mbao mjini Takoradi, na uwanja ulijengwa kwa fedha zake. Katika mdahalo, bweni la Araba ndilo lililopangiwa kumtetea, na kwa kuwa Araba ndiye mwenye mdomo, yeye ndiye aliyechaguliwa kuzungumza.

Alikwenda stoo ya kumbukumbu kutafuta sifa za Mheshimiwa, akakikuta kitabu cha matokeo cha mwaka ule. Michezo ya wavulana ilikuwa saba. Mshindi wa kwanza alipata pointi tano, wa pili tatu, wa tatu moja. Arkorful alikuwa wa kwanza mara tano na wa pili mara mbili: thelathini na moja. Ukurasa wa pili ulikuwa wa wasichana. Hapo palikuwa na jina moja lililokuwa la kwanza katika mbio za mita mia, mia mbili, mia nne, kuruka juu, kuruka mbali na kurusha mkuki. Mstari wa saba uliandikwa "Ampe", na jina lilikuwa lile lile, la kwanza tena. Lakini mstari huo ulikuwa umekatwa kwa wino mwekundu, kwa rula, na pembeni mtu ameandika: *Ampe si riadha. Pointi zimeondolewa.* Jumla ya thelathini na tano ilikuwa imefutwa, ikawekwa thelathini.

Jina lilikuwa Esi Otoo. Araba alilisoma mara tatu. Esi Otoo, kabla hajaolewa na marehemu Eshun na kuwa mkuu wa jiko la shule, ndilo lililokuwa jina la mama yake.

Akakichukua kitabu, akakiweka chini ya sweta, akaenda jikoni. Mama Esi alikuwa anachambua pilipili.

"Mama, kumbe uliwahi kukimbia?"

"Kila mtu amewahi kukimbia. Wengine tulikimbizwa na mbwa."

Araba akamfunulia ukurasa. Mama yake alifuta mikono kwenye aproni, akatazama, lakini hakukigusa kitabu. Kwa muda kidogo alionekana kama mtu aliyekutana njiani na mdeni aliyemsamehe zamani. Kisha akasimulia, kwa kifupi, huku akiendelea na pilipili zake.

Mwaka ule mwalimu wao wa michezo, Bibi Quartey, alilalamika kwamba wavulana wana michezo saba na wasichana sita, kwa sababu wakubwa waliamini msichana akikimbia maili nzima hatazaa. Kombe ni moja, alisema, basi na michezo iwe sawa. Mwalimu Mkuu wa wakati huo akamuuliza kwa kejeli wasichana waongezewe nini. Bibi Quartey akajibu: ampe. Wazee wakacheka hadi machozi, na katika kucheka kwao wakatia sahihi. Nani angeogopa mchezo wa wasichana wawili kutazamana, kupiga makofi, kuruka na kutupa mguu mbele? Walisahau kwamba ampe inataka pumzi ya mkimbia maili na jicho la kipanga, maana lazima ujue mwenzako atatoa mguu gani kabla yeye mwenyewe hajajua. Esi aliruka kuanzia saa nane hadi jua linapungua, akawatoa wasichana kumi na mmoja. Matokeo yakaandikwa kwa chaki kwenye ubao mbele ya shule nzima. Thelathini na tano. Kicheko kikaisha.

"Asubuhi ubao ulikuwa umefutwa," mama alisema. "Wakasema ampe ni mchezo wa watoto. Wakamwita Kobina achukue kombe. Na mimi nikapiga makofi." Akaitupa pilipili iliyooza. "Makofi yenyewe ndiyo yananiuma, Araba. Si kombe. Sasa kirudishe kitabu cha watu, na usilichokonoe jambo hili."

Araba hakukirudisha, na ndipo zilipoanza zile siku nne za adabu.

Jumamosi mdahalo ulifanyika katika bwalo la chakula. Hapo Mwalimu Mkuu wa sasa, Bwana Sagoe, alifanya kosa ambalo shule ya bweni pekee ndiyo ingeweza kulifanya: alipanga mambo yote yaishe ndipo watu wale, ndani ya bwalo lile lile, na wali wa jolofu na kuku wa kukaanga vikiwa tayari nyuma ya dirisha la kugawia chakula. Harufu ilipenya kila hoja. Nyuma ya dirisha walisimama wanawake watano wa jikoni, pawa mkononi, na katikati yao Mama Esi.

Mzungumzaji wa kwanza alikuwa Ebo Baidoo, kijana mrefu mwenye sauti ya kasisi mwanafunzi. Alimtetea Kwamena Ghartey, golikipa wa zamani aliyecheza pia magongo, voliboli na tenisi ya meza, vyote katika timu ya mkoa. Ebo alisema mwanamichezo kamili ni yule anayecheza na wenzake, kwa sababu kukimbia peke yako hata mbuzi anaweza. Wanafunzi wakagonga meza. Mtu wa bweni la Araba akauliza kama tenisi ya meza ni mchezo au ni kupiga nzi. Ebo akajibu kwamba muulizaji aliwahi kushindwa na hao nzi. Wageni wakacheka, Mheshimiwa Arkorful akacheka zaidi yao, akajipepea kwa ratiba.

Araba akapanda jukwaani na kitabu. Akainama mbele ya meza kuu, chini mno, mpaka Bwana Sagoe akajiweka sawa kitini.

Alisema amepewa heshima ya kumtetea Mheshimiwa, naye atamtetea kwa ukweli mtupu. Golikipa Ghartey alikuwa hodari, alisema, lakini hakuna aliyewahi kumpima kwa saa wala kwa futi, na usichokipima unaweza kukisifu mpaka kesho. Mheshimiwa alipimwa katika michezo saba kwa siku mbili. Alishindwa mara mbili tu. Watu wakapiga makofi. Araba akangoja makofi yaishe, kwa upole, kama anayengoja maji yachemke.

"Nimesema mara mbili tu," akaendelea. "Kwenye maili na kwenye mkuki. Ni kidogo sana. Katika shule nzima mwaka ule ni mtu mmoja peke yake aliyeshindwa mara chache kuliko yeye. Huyo hakushindwa hata mara moja."

Akasoma ukurasa wa pili kuanzia juu mpaka chini, pamoja na mstari mwekundu na maneno ya pembeni. Aliposoma jina la Esi Otoo, wanafunzi wote waligeuka kutazama dirisha. Mama Esi hakutikisika. Alimtazama bintiye kwa macho ambayo Araba aliyajua tangu utotoni, nayo hayakuwa macho ya shukrani.

Mheshimiwa Arkorful aliinuka, akiwa bado na tabasamu. "Binti yangu una kipaji," alisema. "Lakini ampe? Basi na sisi wavulana tungehesabiwa pointi za kurusha mawe kwenye miembe."

Bwalo likacheka. Bwana Sagoe naye akacheka, kwa sababu kicheko cha mfadhili hakikataliwi. Hapo ile adabu ya Araba ya siku nne ikakunjuka yote.

"Mheshimiwa, ulikuwepo. Ubao ulipoandikwa ulikuwa umesimama mbele yake. Ulisoma namba gani?"

"Hayo ni mambo ya zamani, binti."

"Sijauliza ni lini. Nimeuliza ngapi."

"Araba Eshun, kaa chini," alisema Bwana Sagoe.

"Mwaka huo walicheka wakatia sahihi. Leo mnacheka tena. Mama yangu amewapakulia chakula watu wa shule hii miaka kumi na sita, na kila siku anapitisha sahani chini ya ubao wa washindi wenye jina la mtu ambaye yeye ndiye aliyemshinda!"

Kabla Bwana Sagoe hajafika jukwaani, kulisikika kishindo cha mbao. Dirisha la kugawia chakula lilikuwa limefungwa. Ikafuata sauti ya kitasa kwa ndani. Hata harufu ya kuku ilionekana kukatika.

Bwana Sagoe alikwenda akagonga kwa kidole kimoja. Akasema kwa sauti ya chini kwamba wageni wametoka mbali, kwamba kuna wazee wenye sukari, kwamba jambo hili litazungumzwa Jumatatu.

"Chakula kipo, Mwalimu Mkuu," ilitoka sauti ya Mama Esi, wala haikuwa imepanda. "Kimeiva. Kinangoja hesabu."

"Mama Esi, tafadhali. Jumatatu."

"Mwaka ule pia mliniambia Jumatatu."

Ikapita robo saa. Askofu, aliyekuwa miongoni mwa wageni wa meza kuu, alitoa karanga mfukoni akazila kwa siri. Wanafunzi, ambao kwa kawaida hugombania ukoko wa sufuria, walikaa wametulia kama wako msibani. Mwishowe Mheshimiwa Arkorful mwenyewe aliliendea dirisha. Jasho lilikuwa limemlowanisha mabegani.

"Esi," alisema.

"Mheshimiwa."

"Kombe liko nyumbani. Nitakuletea kesho. Mke wangu analiwekea maua."

"Sihitaji chombo cha maua. Uliuona ubao ule jioni, au hukuuona?"

Araba, aliyekuwa bado amesimama jukwaani kwa ukaidi, aliuona uso wa Arkorful kwa ubavu. Haukuwa na tabasamu. Aliona mvulana wa miaka kumi na minane aliyekwenda kulala akijua, akaamka akaitwa jina, akanyoosha mkono.

"Niliuona," alisema.

"Mimi nimesikia. Wao hawajasikia."

Arkorful akageuka. Alilazimika kukohoa mara mbili. "Ilikuwa thelathini na tano," alisema mbele ya bwalo. "Yake. Mimi nilikuwa na thelathini na moja. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema."

Hakuna aliyepiga makofi. Ebo Baidoo, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kumshinda Araba, ndiye aliyetoka mbio kumtafuta fundi rangi. Fundi alisimama juu ya meza ya wageni na viatu vyake, akaandika kwenye ubao wa washindi, juu ya jina la Arkorful: *E. Otoo, 35*. Kisha akaulizwa kupitia dirishani kama ni chaki au rangi. Alipojibu rangi, kitasa kikafunguliwa.

Chakula kiligawiwa. Kura haikupigwa. Siku ya Jumatatu Bodi ilikaa, ikaona kwamba ubao ni jambo moja na lango ni jambo lingine, na lango likabaki na herufi zake, sasa kwa rangi ya dhahabu. Araba alipewa adhabu ya kufyeka nyasi siku tatu kwa kutoa kitabu stoo bila ruhusa na kumhoji mgeni. Mama Esi aliposikia alikwenda ofisini mwenyewe. Araba alidhani amekwenda kumwombea. Kumbe alikwenda kuomba ziongezwe mbili.

"Nilikwambia usilichokonoe," alimwambia mchana alipomletea maji pale langoni. "Umenivua nguo mbele ya Askofu."

"Nimekurudishia pointi zako, Mama."

"Zangu nimezirudisha mwenyewe. Wewe ulinitangaza tu."

Araba akauelekeza upanga wake wa kufyekea kwenye zile herufi za dhahabu. "Na hili? Umeliacha hivi hivi? Amekiri kwa kinywa chake, na bado watu watapita chini ya jina lake kila siku."

"Lango kalinunua, acha liwe lake," mama yake alisema, akiokota bilauri tupu. "Ule ubao mimi sikuulipia hata pesewa moja. Fyeka, jua linakwenda."

Akaondoka kuelekea jikoni, kwa hatua ndefu ambazo Araba alikuwa hajawahi kuzitazama vizuri. Araba hakuridhika. Aliinama akaendelea kufyeka, akizikata nyasi za Mheshimiwa chini kabisa, moja baada ya nyingine, kana kwamba kila unyasi ulikuwa umekaa kwenye kikao cha Bodi.