Asubuhi ya Gauni na Stata Nzito

Asubuhi hiyo Sisimizi alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini mbili mdomoni, anashona kifungo cha mwisho cha gauni la bibi harusi. Gauni lilikuwa limelazwa juu ya meza ya kukatia vitambaa, jeupe, pana, limemwagika mpaka kwenye viti viwili. Mama yake, fundi cherehani anayejulikana mtaa mzima kwa kutokukosea kipimo, alikuwa anazunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Saa nne bibi harusi awe ameshavaa," alisema, kwa mara ya sita. "Nikichelewa leo, mwanangu, hata viraka sitaletewa tena."

Nje, baba akawasha gari ili wapakie.

Nyeeeu... nyeeeu... nyeu.

Mama akasimama wima. "Baba Sisimizi, nini hicho?"

"Linaamka! Lipe muda."

"Tangu Jumatatu linaamka. Mimi nilikuzalia mtoto bila kupiga kelele kiasi hicho!"

Sisimizi alicheka, pini zikamdondoka. Huyu binti aliitwa hivyo kwa sababu alitembea bila kusikika na kuongea bila kusikika. Mwalimu akimuuliza swali darasani, jibu analo, ila linafika kooni na kugeuka.

Baba yake alikuwa fundi mpaka rangi, kwa kazi na kwa ugonjwa. Pale nyumbani alishapaka geti, viti, tangi la maji, hata mpini wa ufagio. Mama alizoea kuwaonya wageni: ukisimama uani dakika tano bila kutikisika, utapigwa mkono wa kwanza wa rangi, na ukizubaa, wa pili. Sasa Jumapili iliyopita ilikuwa zamu ya gari. Baba alifunua boneti, akafungua hiki, akasogeza kile, akapaka kote rangi ya buluu inayong'aa. Majirani walikuja kuchungulia injini kama wanaona mtoto mchanga.

Na mtoto huyo leo alikuwa hataki kuamka. Saa mbili na nusu ilishapita, na kwa bibi harusi ni mwendo wa dakika arobaini. Mama akampigia dereva wa teksi anayemjua, akaambiwa yuko ng'ambo ya mji, ana abiria. Ndipo akaitwa Spana, fundi magari wa nyumba ya tatu, ambaye hata akienda kuposa angekwenda na spana mfukoni.

"Shikamoo, mjomba," Sisimizi akanong'ona.

"Marahaba, mama. Umesema au umepumua?" Spana akaweka kikombe chake cha chai juu ya ukuta. "Haya, jirani, piga stata nimsikilize mgonjwa."

Nyeeeu... nyeu.

"Betri. Imekwisha hiyo."

"Betri ina miezi miwili!" baba akang'aka.

"Hata vijana wanakufa, kaka."

Spana akaenda kuchomoa betri ya gari lake mwenyewe, lililokuwa juu ya mawe bila magurudumu, akarudi nayo kaikumbatia kifuani, akaifunga. Baba akapiga stata. Nyeeeu... nyeu. Uvivu ule ule, wala haukupungua punje.

Spana akajikuna kisogo. "Basi ni stata yenyewe. Imechoka ndani. Inabidi niishushe. Ni kazi ya saa mbili hivi, au tatu."

"Saa mbili!" Mama alitokea mlangoni na gauni mikononi, limemfunika mpaka pua. "Bibi harusi aingie na shuka?"

"Shemeji, mimi natibu chuma, siyo saa."

"Na wewe, fundi rangi, si ulisema sasa litakwenda kama jipya?"

"Nilisema litaonekana kama jipya," baba akajitetea, sauti imemshuka.

Wakati wanarushiana maneno, Sisimizi alikuwa ameinamia injini, ameshika tochi aliyopewa na Spana. Mkono wake uligusa kichwa cha waya mweusi, ule mnene unaotoka kwenye betri na kufungwa kwa boliti kwenye chuma cha injini. Akauondoa haraka. Wa moto! Akagusa waya mwekundu. Baridi. Akarudi kwenye mweusi. Moto, tena pale pale penye boliti tu.

Akamkumbuka baba siku ile ya Jumapili, yeye mwenyewe ndiye alimshikia kopo. Baba alifungua boliti ile, akapaka chini yake mikono miwili, akaacha ikauke vizuri, ndipo akafunga waya juu ya rangi. "Mpaka rangi wa kweli," alisema kwa majivuno, "hapaki kinachoonekana tu."

Umeme wa stata ulikuwa unatoka vizuri, ila njia ya kurudi imezibwa na rangi. Unapita kwa kujipenyeza, ndiyo maana pale pana moto.

"Baba, huu waya..." akasema.

"Nakwambia betri yangu ni nzima, tena nzima mno!" baba alikuwa anamwambia Spana.

"Mjomba, hapa pana moto..."

"Ishuke stata, tumalize ubishi!" Spana akalala chali chini ya gari, miguu tu ikabaki nje.

Sisimizi akamtazama mama. Mama hakuwa anagomba tena. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti, gauni mapajani, anatazama barabarani. Hilo ndilo lilimmaliza.

Kwenye sanduku la Spana palikuwa na zile nyaya nene za kuazimana moto wa betri kati ya gari na gari. Akachukua moja. Koleo la upande mmoja akalibana kwenye kichwa cheusi cha betri. La upande wa pili akalibana kwenye ndoano ya kuinulia injini, chuma kitupu ambacho brashi ya baba ilikuwa haijakifikia.

"Mjomba, toka chini," akasema. Halafu, kwa sauti ambayo hata yeye hakujua anayo: "Baba! Washa!"

Spana alitoka kama kaumwa na nge. Baba, kwa mshtuko tu, akazungusha ufunguo.

Vruum!

Mara moja. Bila hata kunung'unika.

"Nani kasema washa?" mama akauliza, ameshasimama.

Spana alitazama ule waya, akafuata kwa macho mpaka kwenye boliti, akaikwaruza kwa ukucha. Ukucha ukatoka na buluu. Akacheka mpaka akashika boneti. "Jirani! Umelivalisha gari soksi ya plastiki! Zima hapo. Nipe msasa, dakika tatu."

Wakalegeza boliti, wakakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, wakafunga, na betri ya baba ikarudishwa mahali pake. Lilipowashwa tena, liliitika kabla ufunguo haujafika mwisho. Gauni likapewa kiti chote cha nyuma, mama akajibana mbele, vumbi likabaki limesimama.

Saa nne kasoro dakika sita, simu ya Sisimizi ikalia. Nyuma ya sauti ya mama kulikuwa na vigelegele.

"Ameshavaa, mwanangu! Limemkaa kama ngozi! Hapa nimeshapata wateja wawili."

"Na baba?"

"Kanishusha, kaenda duka la rangi. Anasema ule upara mliomwachia kwenye injini unamnyima raha."

Sisimizi akakata simu, akaandika ujumbe haraka: *Baba, pale chini ya waya usipaguse. Nakuomba.*

Akatuma. Alama zikaonyesha baba ameusoma.

Akasubiri. Kisha akaenda kwa Spana kuazima msasa.